Oili inafika nyuzi 116 nikipanda kutoka Kigoma, ninunue rejeta kubwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ndege ndogo ya viti viwili nimeiunga mwenyewe, injini ni Lycoming O-320, ina masaa 140 mpaka sasa. Naishi Kigoma. Asubuhi nikishanyoosha angani oili inakaa 94 hivi, ila mchana, hasa huu mwezi wa tisa, nikitoka Kigoma kuja Tabora inapanda mpaka 116 kabla sijafika Uvinza, na mstari mwekundu ni 118. Rejeta ya kupoozea oili imefungwa kwenye bafli, yale mabati yanayoelekeza hewa kwenye silinda, nyuma ya silinda namba 4. Jamaa wananiambia nitoe hiyo niweke kubwa. Nifanye hivyo au kuna kingine?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuiunga ndege mpaka ukaifikisha masaa 140, hiyo kazi naijua. Rejeta usinunue bado. Sisemi hutakuja kuihitaji, nasema kwa maelezo yako sioni kitu kinachoonyesha kwamba iliyopo ni ndogo, kinachoonekana ni kwamba hewa haipiti ndani yake inavyotakiwa, na ukiweka kubwa mahali ambapo hewa haipiti hela imeenda, uzito umeongezeka na joto liko palepale.

Angalia hizo namba zako mwenyewe. Asubuhi hapo Kigoma hewa tuseme ni nyuzi 20, mchana wa mwezi wa tisa inafika 31. Venathemu, ile valvu ndogo inayoamua oili ipite rejeta au ipite njia ya mkato, kwenye Lycoming inatakiwa iwe imeshafunga njia ya mkato oili ikifika 85, kwa hiyo ukiwa na 94 oili yote ilishakuwa inapita rejeta na kuanzia hapo joto la oili linafuata joto la nje karibu nyuzi kwa nyuzi. Hewa imepanda 11, oili nayo itapanda kama 11, unafika 105 bila kitu chochote kuharibika. Sasa kutoka 105 mpaka 116 ndo tunatafuta, na hiyo inakuja wakati unapanda, pua iko juu, spidi ndogo, injini nguvu yote. Na unapanda kwenye hewa nyepesi, maana uwanja wa Kigoma wenyewe uko karibu futi 2,700 na wa Tabora karibu futi 3,900, siku ya nyuzi 32 hapa Tabora ndege inajiona kama iko karibu futi 6,800 na bado haijaacha lami. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo, hilo hatuna la kulifanya, tunachoweza ni kuhakikisha hiyo kidogo iliyopo inapita pale tunapotaka.

Kabla ya yote pima geji. Nimeona watu wamebomoa ndege kumbe sensa inadanganya nyuzi nane. Fungua sensa, iache na waya wake, chemsha maji kwenye sufuria juu ya jiko, ning'iniza sensa ndani isiguse chuma cha sufuria, halafu soma geji maji yakiwa yanatokota kabisa. Hapa wengi wanakosea, wanategemea isome 100. Maji yanachemka kwenye 100 ukiwa usawa wa bahari, Dar sawa, ila Kigoma yanachemka kwenye 97 hivi na mimi huku Tabora ni 96. Kwahiyo kama hapo kwako geji inaandika 97 ni nzima, ikiandika 104 ina uongo wa nyuzi saba na tatizo lako limepungua zaidi ya nusu hapohapo. Halafu ukiwa bado hapo washa taa zote na redio, mshale ukiruka basi waya wa ethi wa geji ni mbovu au unachangia njia na vitu vingine, upe ethi yake peke yake.

Geji ikiwa nzima, njoo kwenye hewa, na hapa ndo naomba utulie. Rejeta haipozwi na upepo kuipiga usoni kama watu wanavyofikiria, inapozwa na tofauti ya presha. Juu ya silinda ndani ya kaulingi, yaani mfuniko wa injini, hewa imejaa, chini ya silinda presha ni ndogo, hewa inataka kushuka na itashuka kwa njia yoyote iliyo rahisi. Matundu madogo ya rejeta ni njia ngumu. Ufa wa kidole kati ya bafli na kaulingi ni njia rahisi. Tundu la boliti lisilo na boliti, kona ya bafli karibu na jenereta, pale zinapopita waya za plagi, kote huko hewa inatoroka na kila inayotoroka ni ile ambayo ingepita rejeta. Rejeta yako iko mwisho kabisa kule nyuma kwa hiyo ndo inaumia, silinda za mbele zinaweza kuwa baridi tu.

Subiri giza. Funga kaulingi ya juu, ingiza taa ya balbu ndogo kwa chini, upande wa moto ambapo hewa inatokea, halafu chungulia kwa kupitia matundu ya mbele ya kuingizia hewa. Kila unapoona mwanga ndipo hewa inapotorokea. Utashangaa. Kuna ndege niliitwa kuiangalia hapa Tabora, mwenyewe alikuwa ameshabadilisha rejeta na joto halikushuka hata nyuzi moja, tulipoweka taa ilikuwa kama nyota, na lile jambo kubwa lilikuwa mpira wa silikoni wa juu ya bafli ya nyuma, ulikuwa umekunjwa kuelekea nyuma. Huo mpira lazima ulalie mbele, kuelekea kwenye hewa inayoingia, ili presha yenyewe iusukume ubane kwenye kaulingi. Ukilala nyuma presha inaufungua kama pazia, na ukiwa chini umesimama hutaona kitu, unaonekana umebana vizuri kabisa. Tulikata mpira mpya, tukaziba nyufa kwa silikoni nyekundu ya joto kali, siku mbili za kazi, na joto lilishuka nyuzi kumi na kidogo. Angalia pia rangi ya ndani ya kaulingi, mpira unaobana vizuri unaacha mchirizi uliosuguliwa mfululizo, mahali mchirizi umekatika au pana vumbi lililopeperushwa ujue hapo hewa inapita.

Ukitaka uhakika kabisa na sio kubahatisha pima hiyo presha. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa, mita kadhaa, tengeneza herufi U kwenye kibao na rula katikati, weka maji yenye rangi kidogo. Ncha moja ipeleke mbele ya rejeta nyingine nyuma yake, zote mbili ziba mdomo na utoboe vitundu vidogo pembeni ili upepo usiingie moja kwa moja ukaharibu kipimo, na zifunge mbali na ekzosi. Abiria ndo asome, wewe rusha ndege. Ukipanda kwa kilomita 130 kwa saa kwenye hewa yetu hii presha yote ya upepo unayoweza kupata, ukiacha nyongeza ya propela, ni kama sentimita 6 na nusu za maji. Kama tofauti ya urefu wa maji kati ya pande mbili za U inasoma sentimita 2 basi nyingine imepotea njiani na sasa unajua kwamba rejeta haina kosa. Halafu panda kwa kilomita 150, presha inaongezeka theluthi nzima, kwa sababu presha inakwenda kwa spidi mara spidi. Hiyo ni baridi ya bure, haikugharimu kitu zaidi ya kuchelewa kidogo kufika juu.

Njia ya kutokea isisahaulike, wengi wanapanua matundu ya mbele wakati hewa imekwama nyuma. Hewa ikishapita kwenye silinda imepata moto imetanuka, inahitaji nafasi kubwa kuliko iliyoingilia. Chungulia pale chini ekzosi inapotokea, mara nyingi utakuta mafungu ya waya, hosi na boksi la kupashia moto kabureta vimejazana mlangoni. Panga upya hivyo vitu kwanza. Kama itabidi kukata kaulingi au kuongeza mdomo wa bati wa kuvuta hewa, hapo ongea na mkaguzi wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujashika msumeno maana umeshabadilisha ndege iliyokaguliwa.

Venathemu nayo ikaguliwe, bahati nzuri inapimika kwenye sufuria ileile. Ifungue, ipime urefu ikiwa baridi, iweke kwenye maji na kipimajoto, maji yakifika 85 inatakiwa iwe imeshatoka urefu wake wote. Ikiwa haitoki ni mbovu. Ikitoka vizuri angalia ule uso wake wa kukalia, uwe na alama ya duara iliyo sawa pande zote, duara likikatika oili inapenya pembeni na kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Ukirudisha funga waya wa usalama, washa injini chini, zima, angalia kama inavuja.

Vingine ni vya dakika chache. Mulika rejeta kwa tochi kutoka nyuma, wakati huu wa kuchoma misitu majivu, nyasi na wadudu vinaziba matundu, na sisi wa nchi ya asali tunajua nyuki na nyigu hawachelewi, nyigu anajenga udongo kwenye bomba ndani ya siku chache tu ndege ikilala. Usibane mchanganyiko wa mafuta na hewa mapema wakati unapanda, mafuta kidogo yanachemsha silinda na oili inafuata. Hakikisha taiming ya cheche za plagi iko kwenye namba iliyoandikwa kwenye kibati cha injini. Na kama oili inapungua haraka na inakuwa nyeusi baada ya masaa machache, pima kompresheni, ringi zinazopitisha moto zinapasha oili kuliko rejeta yoyote itakavyoweza kupooza.

Wakati unayafanya hayo usiache kuruka ila ruka kwa akili, toka Kigoma alfajiri, ukishafika urefu salama punguza nguvu kidogo, inamisha pua, fuata reli kupitia Uvinza na Kaliua ukipanda taratibu, zile kilomita 350 zinatosha kabisa kupanda bila haraka. Ikikaribia 115 nyoosha, ongeza mafuta kwenye mchanganyiko, subiri ishuke. Lakini ukiona joto linapanda na presha ya oili inashuka chini ya alama ya kijani ya geji kwa pamoja, hapo usisubiri chochote, tafuta pa kutua.

Ukishaziba kila kitu, geji imepimwa, sentimita za maji ni nzuri na bado mchana inapita 110 kwenye kupanda, sawa, hapo nakubali rejeta ni ndogo na nunua kubwa. Uifunge midomo yake ikiwa juu ili hewa isibaki ndani, na hosi ziwe na nafasi ya kucheza maana bafli inatikisika. Ila jua mwezi wa sita na wa saba utakuwa na tatizo la upande wa pili, asubuhi huku Tabora inashuka mpaka kama 15 na rejeta kubwa itaacha oili kwenye 70, na oili isiyofika 82 hivi kwa muda wa kutosha haikaushi maji yake, maji yanabaki ndani yanakula kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, kimyakimya. Ziba sehemu ya rejeta kwa tepu ya alumini, anza na robo, uone geji, uongeze kidogo kidogo, na uandike kwenye kitabu cha ndege tarehe uliyobandika ili mwezi wa nane asubuhi moja ukumbuke kuitoa kabla joto halijarudi.