Kuipiga picha ndoana bila doa la mwanga
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ndoana uliyoinunua Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, inatokea na doa jeupe kila unapoipiga picha kwa flashi ya simu. Chuma king'aacho huakisi chanzo cha mwanga kama kioo, na flashi ni chanzo chenye umbo dogo mno, ndiyo maana mwako wake hutokea kama doa moja kali. Izime, uiweke ndoana karibu na dirisha, kisha utundike shuka jeupe jembamba dirishani ili mwanga utawanyike na vivuli vilainike. Upande wa pili simamisha karatasi nyeusi, nayo itauchora ukingo wa chuma kwa mstari mweusi. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi, kwa kuwa hata ule mwiba mdogo unaomzuia sangara asichomoke huonekana waziwazi. Mawingu yakitanda juu ya ziwa, shuka halihitajiki.