Je, mali iliyogawanywa kwa maafikiano wakati wa kuachana ni haramu kwa mke?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkazi wa Ilemela, Mwanza. Mume wangu nami tumekubaliana kuachana baada ya miaka 17 ya ndoa na watoto watatu. Wazee wa pande zote mbili walitupatanisha ikashindikana, na sasa tumeandika makubaliano mbele yao: yeye abaki na mtumbwi mmoja na duka la nyavu, mimi nichukue mtumbwi wa pili na biashara ya dagaa ninayoiendesha Mwaloni Kirumba, na nyumba nikae na watoto hadi wa mwisho amalize shule. Injini ya kwanza tuliinunua kwa bangili zangu za mahari. Ustadhi mmoja mtaani anasema makubaliano hayo ni batili, kwamba mke akiachwa hana chake ila mahari na matumizi ya eda, na kwamba nikichukua zaidi nitawalisha wanangu haramu. Tena mume wangu analia usiku, nami sijui nimwambie nini. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Wewe na mumeo mmefanya jambo ambalo wengi hawaliwezi, kisha akatokea mtu akaliita haramu, na kwa hilo sitaki kunyamaza. Makubaliano yenu ni halali, nawe chukua ulichopewa bila wasiwasi.

Ustadhi huyo ameshika neno moja la kweli akalijengea uongo. Ni kweli kwamba katika Uislamu ndoa peke yake haichanganyi mali, na mke hawi mmiliki wa nusu ya kila kitu kwa sababu tu ameolewa. Lakini kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomhukumu yeye, kwa kuwa ikiwa mali hazichanganyiki, basi bangili zako zilibaki zako, na injini iliyonunuliwa kwa bangili hizo haikugeuka kuwa ya mume kwa sababu tu ilifungwa kwenye mtumbwi wake. Ama ulimkopesha, na deni hulipwa, ama mlishirikiana, na mshirika ana fungu lake. Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 32, kuwa wanaume wana sehemu katika walichokichuma na wanawake wana sehemu katika walichokichuma. Anayeisoma nusu ya kwanza ya aya na kuimeza ya pili ajiulize anamtetea nani.

Na hata tukiziacha bangili, kuna kazi yako. Kuwapokea wavuvi alfajiri, kuanika dagaa, kuwalinda na mvua, kuwapakia na kuwauza kwa miaka yote hiyo ni kazi ambayo angeifanya mtu baki angelipwa. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Kishafii hawakubali ushirika wa nguvu za miili pekee, yaani wa kazi bila mtaji, lakini ushirika wa namna hiyo ukibatilika hawasemi aliyefanya kazi aende mikono mitupu, bali hupewa ujira wa mfano, yaani malipo ya kawaida ya kazi kama yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Maliki wa Morocco walikwenda mbali zaidi: Ibn Ardun, mwanasheria wa Kiislamu wa karne ya 16, alitoa fatwa kwamba mke aliyefanya kazi pamoja na mumewe anapata nusu ya kilichochumwa wanapotengana. Silazimishi kauli yake kwa kila ndoa, ila anayesema hakuna mwanachuoni aliyewahi kulitamka jambo hili hajasoma vya kutosha.

Zaidi ya hayo, mumeo ameridhia. Mtu mzima mwenye akili timamu akitoa mali yake kwa hiari, nani amempa ustadhi mamlaka ya kumzuia? Sulhu inajuzu baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Hapo ndipo naweka sharti moja: msiandike popote kwamba kwa kuwa umepewa mtumbwi, baba amesamehewa matumizi ya watoto. Hiyo ni haki yao, wala si yako uiuze.

Katika matumizi hayo zingatieni hali ya ziwa. Mvuvi wa dagaa hupata kwenye giza na hukaa pwani mbalamwezi inapokuwa kali, kwa hiyo kiasi kimoja cha kila mwezi kitaleta ugomvi mapema. Wekeni kiwango cha chini cha chakula na ada kisichoguswa, kisha fungu la ziada wakati wa neema, kwani Allah amesema mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake.

Karatasi ya wazee pekee haitoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanayo mabaraza hayo. Baraza likithibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mumeo atamke talaka, kisha mahakama itoe hati ya talaka na iuingize mgawanyo wenu katika amri yake. Bila hivyo, siku mmoja wenu akifariki, ndugu watabishana juu ya mtumbwi.

Kuhusu machozi ya mumeo, usiyadharau wala usijione mkosefu kwa kutoyatii. Enzi za Mtume, Mughith aliachana na mkewe Barira, akawa akimfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwombea kwa Barira, naye akauliza kama ni amri. Alipoambiwa ni maombezi tu, akasema hana haja naye. Mtume hakumkemea yule kwa kulia, wala hakumlazimisha huyu kurudi.

Mumeo akifika kwenye kutamka, atamke talaka moja tu, ukiwa katika twahara ambayo hajakuingilia. Tatu kwa mpigo ni maasi yaliyozoeleka mno mijini kwetu. Eda uikalie nyumbani humo humo, naye asikutoe, maana Suratut Talaq imekataza na ikaongeza kuwa huenda Allah akaleta jambo jingine baada ya hayo. Ndani ya muda huo ana haki ya kukurejea ikiwa anataka kutengeneza. Basi akilia, mwambie azungumze na wale wazee mchana badala ya kukuachia wewe usiku, na watoto wasifanywe wabeba salamu kati yenu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.