Chagua risasi kwanza, bunduki baadaye: jibu kwa wanaotaka kuwinda Alaska

Wiki iliyopita kijana mmoja mzaliwa wa Eldoret, ambaye sasa anafanya kazi katika kiwanda cha samaki hapa Kenai, aliniletea ujumbe mrefu wenye swali ambalo Waafrika Mashariki wengi waliohamia Alaska wamekwisha kuniuliza: anunue bunduki gani ya wenzo, yaani ile inayopandishwa risasi kwa kusukuma na kurudisha mkono wa chuma ulio chini yake, yenye kaliba (upana wa risasi) kubwa, itakayomtosha kwa kuwinda na kwa kujikinga na dubu? Aliambatanisha picha za bunduki tatu, zote nzuri, zote za chuma kisichoshika kutu, pamoja na bei zake. Kuhusu risasi hakuuliza neno. Nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu najua wapo wengi wenye kiu hiyohiyo, na kwa sababu jambo ambalo hakuliuliza ndilo lenye uzito.

Nilipotimiza miezi 12 ya kuishi katika jimbo hili, ambayo ndiyo sheria inayodai kabla ya mtu kupata leseni ya uwindaji kama mkazi, niliingia katika duka moja la silaha ambalo sitalitaja. Muuzaji alinitazama, akaniuliza kama nimetumwa na kampuni ya ulinzi, kisha akaenda kumhudumia mteja aliyeingia nyuma yangu. Nilibaki nikisoma maandishi ya maboksi ya risasi kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye fedha mfukoni. Sijalisahau jambo hilo, wala sioni sababu ya kujifanya nimelisahau. Hata hivyo, kule kusoma maboksi kulinifaa kuliko maelezo ambayo muuzaji yule angenipa, kwa maana niliona kwamba risasi zote zilizoandikwa .45-70, ambayo ni kaliba kubwa ya kale ya bunduki za wenzo, hazilingani hata kidogo, na kwamba tofauti kati ya boksi na boksi ni kubwa kuliko tofauti kati ya bunduki na bunduki.

Kaliba hiyo ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Namba ya kwanza ni kipenyo cha risasi kwa sehemu ya mia ya inchi, na ya pili ni kiasi cha baruti nyeusi kilichotiwa ndani ya ganda, yaani greni 70; greni ni kipimo kidogo cha uzito. Risasi yenyewe ilikuwa na uzito wa greni 405, karibu gramu 26. Kwa kuwa bunduki za jeshi za wakati ule bado zimo mikononi mwa watu, viwanda vinavyofuata kipimo cha kawaida huzuia shinikizo la baruti inapoungua lisizidi pauni 28,000 kwa inchi ya mraba, ili chuma cha kale kisipasuke usoni mwa mpigaji. Lakini vipo viwanda vingine vinavyotengeneza risasi za nguvu zaidi, zenye shinikizo la pauni 40,000 hivi, kwa ajili ya bunduki za kisasa kama Marlin 1895, Henry, au Winchester 1886 zinazoundwa siku hizi. Onyo lake huandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo. Risasi hizo zinaingia pia katika bunduki ya 1873 bila kipingamizi, na hapo ndipo mtu anapopoteza jicho. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujatoa dola zako, jua boksi ulilolishika lilikusudiwa chuma cha zama gani.

Liko jambo jingine linalotokana na umbo la bunduki hizi. Nyingi kati yake hubeba risasi ndani ya bomba lililolala chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, hivyo kwamba ncha ya risasi ya nyuma inaegemea fataki, yaani kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, ya risasi iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali na ngumu, pigo la kitako begani laweza kuifanya iibonyeze fataki ile na kulipua risasi ndani ya bomba. Ndiyo maana risasi za bunduki za wenzo huwa na kichwa bapa, au, katika zile za kiwanda cha Hornady ziitwazo LEVERevolution, ncha laini ya plastiki inayobonyea. Winchester ya mwaka 1895 ilikwepa tatizo hilo kwa kuzipanga risasi moja juu ya nyingine ndani ya sanduku. Bunduki ya aina hiyo, ya kaliba .405, ndiyo aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909, akaisifu sana kwa simba wa nyanda za Kenya. Huwa nawakumbusha habari hiyo wenzangu wa hapa wanaponiuliza kwa mshangao nilijulia wapi bunduki za wenzo. Zilifika kwetu kabla babu zao hawajafika Alaska.

Sasa tuje kwenye kichwa chenyewe cha risasi. Kwa kulungu mdogo, risasi laini ya greni 300 au 325, inayotanuka inapoingia mwilini, inatosha na kuzidi. Kwa dubu wa kahawia anayekujia uso kwa uso mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu risasi italazimika kupita kwenye mfupa mzito, misuli ya mabega na mafuta mengi kabla ya kufika mahali penye uhai. Inayotanuka upesi huishiwa nguvu njiani. Kinachotakiwa ni risasi nzito, ya greni 400 na kuendelea, yenye uso bapa, iliyosubiwa kwa madini ya risasi yaliyofanywa magumu kwa kuchanganywa na bati na antimoni, au iliyochongwa kwa shaba tupu, ambayo haibadiliki umbo na hupenya moja kwa moja. Wauzaji watakusifia kasi. Usiwasikilize: mnyama akiwa umbali wa mita 20, kasi ya ziada inakuongezea maumivu ya bega tu. Uzito na ugumu ndivyo vinavyofika ndani.

Septemba iliyopita nilikwenda kuwinda musi, yule jamaa mkubwa wa kulungu ambaye dume lake hapa Alaska huzidi kilo 500, pamoja na wenzangu wawili wa kazini waliobeba bunduki za .300 Winchester Magnum zenye darubini ndefu kama mkono wangu. Walinicheka mimi na bunduki yangu ya wenzo tangu tulipopakia mashua. Mmoja aliniita mchunga ng'ombe wa sinema. Kwa siku kadhaa mvua ilinyesha, hatukuona kitu, na hayo sina haja ya kuyasimulia. Kisha asubuhi moja dume lilitoka ndani ya vichaka vya alda, mita 60 hivi kutoka nilipokuwa nimechuchumaa, likasimama ubavu. Katika maeneo mengi dume halali ni lile lenye pembe za upana wa inchi 50 au zaidi, au matawi ya mbele ya kutosha, hivyo nililazimika kungoja ligeuze kichwa nihakikishe. Lilipogeuka nilifyatua. Risasi ya greni 405 iliingia bega moja ikatokea bega la pili, na dume lile halikupiga hata hatua kumi. Darubini za wenzangu zilikuwa zimejaa ukungu wa mvua. Tangu siku hiyo sijaitwa mchunga ng'ombe, ingawa naona katika picha walizowatumia watu mtandaoni nimekatwa nusu uso.

Tulipokuwa tukichuna na kukata nyama, mmoja wetu akiwa amesimama zamu na bunduki yangu, dubu wa kahawia alitokeza upande ambao upepo ulikuwa ukipeleka harufu ya damu. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akanusa, mate yakimdondoka. Tulisimama pamoja, tukapaza sauti, mwenzangu ameelekeza mtutu bila kufyatua, na baada ya muda ambao sitaki kuurudia dubu alishuka akapotelea vichakani. Hatukumaliza nyama yote mahali pale; tuliiburuta kwanza hadi kwenye uwazi wa mtoni, tukiwa tumeacha pembe zikae hadi mwisho kama kanuni zinavyoagiza.

Nawasihi basi mnaonisoma: jifunzeni wenzo wenu. Dubu hukimbia kilomita 50 na zaidi kwa saa, maana yake mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili hivi. Mwenye hofu husukuma wenzo nusu, ganda tupu halitoki, risasi mpya haipandi, na bunduki ya dola 1,500 inageuka kuwa gongo. Usukume mpaka ukomee, uurudishe mpaka ukomee, kwa nguvu, bila kuishusha bunduki begani. Fanya hivyo ukiwa umevaa glavu zako za baridi, kwa sababu kitanzi cha wenzo cha kawaida hakipokei vidole vyenye glavu nene, na hilo hugunduliwa dukani au hugunduliwa msituni. Fanya kwa risasi laini za bei nafuu, kwani boksi la risasi 20 za nguvu huzidi dola 60 kwa urahisi. Lakini piga pia chache za nguvu, ili bega lako lisishtukizwe siku ya haja. Na mtu asiyetaka kufanya mazoezi asiningojee nimchagulie bunduki. Sitamchagulia.

Utafiti wa matukio 269 ya dubu na silaha Alaska, uliochapishwa mwaka 2012 na Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao, ulikuta kwamba bunduki ndefu zilifaulu kumzuia dubu katika asilimia 76 ya matukio. Utafiti wao wa awali, wa mwaka 2008, ulikuta kwamba dawa ya pilipili ya kupuliza kutoka kwenye kopo ilikomesha tabia ya hatari ya dubu wa kahawia kwa asilimia 92. Nina bunduki na ninajivunia, lakini kopo la pilipili liko kiunoni mwangu kila ninapoingia msituni. Ukimuua dubu kwa kujikinga, sheria ya Alaska inakutaka umchune, uikabidhi serikali ngozi pamoja na kucha zake na fuvu, na uandike taarifa ndani ya siku 15. Hubaki na chochote.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Eldoret, kati ya zile tatu nunua ile yenye kitanzi kipana, maboksi mawili ya risasi laini na moja la risasi ngumu za greni 400 na kitu, pamoja na kopo la pilipili. Utakapopanda ndege ndogo ya kwenda porini, mwonyeshe rubani kopo hilo kabla hajapakia, kwa sababu likipasuka ndani hakuna atakayeona. Marubani wengi hulifunga nje, kwenye maboya ya ndege.