Jasho la katibu

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: mgonjwa asiyelala usiku kwa sababu ya dawa, ahamie chumba chake au abaki na mwenzake? Swali limenigusa, na limenikera pia, maana mmeuliza kana kwamba taabu yote iko usiku. Usiku una giza lake, unamsitiri mtu. Mchana je?

Mimi natibiwa saratani ya tezi dume. Kila baada ya wiki 12 nachomwa sindano tumboni ya kuzima homoni ya kiume, kwa sababu saratani hii hustawi kwa homoni hiyo. Homoni ikishuka, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa na wasiwasi: joto likiongezeka kidogo tu inaliona moto, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka utosini. Baada ya dakika chache shati limelowa na baridi inakutetemesha. Wanawake waliokoma hedhi wanalijua. Sisi wanaume hatukufundishwa, hata jandoni.

Ya usiku nayamaliza haraka. Chai ya rangi ya jioni nimeiacha, pilipili nimeipunguza, nalalia kanga na nyingine kavu iko kando ya mto. Feni inasaidia, ila upepo wake unachujwa na chandarua, na huku kwetu kwenye malaria chandarua hakiondolewi kitandani. Umeme nao una mambo yake, ingawa gesi ya kufua umeme inachimbwa hapo Msimbati. Daktari alinipa vidonge vya medroksiprojesteroni, dawa ile ile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Nilicheka, nikavimeza. Joto limepungua, halijaisha.

Sasa mchana. Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku Mtwara vijijini, na ugonjwa wangu alikuwa anaujua mke wangu tu. Msimu uliopita, baada ya mnada, wanachama walikusanyika chini ya mwembe wasomewe bei na makato. Mnaolima korosho mnajua mkutano wa makato ulivyo: watu wamekuja na hasira zao tayari, wanatafuta pa kuziweka. Nikasoma bei ya juu, bei ya chini, kimya. Nikafika kwenye makato, usafirishaji, ghala, ushuru wa halmashauri, na hapo hapo nikalisikia linapanda.

Likapanda kweli. Jasho likadondoka kwenye karatasi niliyoiandika kwa kalamu ya wino, na tarakimu za ghala zikaanza kutanuka. Nikasita ili nizisome vizuri. Kusita kwenyewe ndiko kulikoniponza. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Katibu, mbona jasho linakutoka ulipofika kwenye hela?" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kicheko. Mwenyekiti akaniangalia kwa jicho la kuniuliza. Nikajifuta, nikaendelea, na baridi nayo ikafika. Mikono ikatetemeka. Mtu anayesoma hesabu za wakulima, kalowa jasho, anatetemeka. Hata mimi ningemshuku. "Rudia makato!" wakasema. Nikarudia. "Rudia tena!"

Ndipo bibi mmoja wa mstari wa mbele, mkulima wa siku nyingi, akainuka na upepeo wake wa ukili mkononi. "Mwacheni apumue," akasema. "Jasho hilo si la mwizi. Mimi nameza vidonge vya saratani ya titi, hilo jasho nalala nalo. Katibu, baba, nawe upo kwenye dawa?"

Ningesema nini mbele ya umati ule? Nikaitika kwa kichwa. Akanipa upepeo, nikasogezewa kiti kivulini, na hesabu akazisoma mwenyekiti. Zilikuwa zile zile. Hakuna aliyeomba zirudiwe.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kumlalamikia bibi yule. Aliniokoa, sawa, lakini kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na siri yangu: huyu kaleta mizizi, yule ananiuliza kwa kuzungukazunguka kama bado ni mwanamume. Lakini huyo huyo ndiye ninayezungumza naye sasa. Ameniambia kidonge chake, tamoxifen, kinamezwa miaka 5, wengine mpaka 10, na kwamba hospitali walimwonya asikubali kila dawa ya kutuliza mawazo, kwani baadhi, kama fluoxetine, zinaweza kukipunguzia nguvu. Kuna nyingine zinazotuliza joto bila kuingilia, ila achaguliwe na daktari anayejua anatumia nini. Mwenyewe nilikuwa na mawazo ya kuikwepa sindano inayofuata; alinigombeza kama mtoto. Sikuikwepa.

Kwa hiyo jibu langu: abaki. Mwenzake aone jasho lile, alijue, ili likitoka mkutanini awepo mtu wa kumsemea. Kama mwenzake anaamka alfajiri kuokota korosho, basi kuanzia Oktoba mpaka Desemba mgonjwa atandike mkeka sebuleni, msimu ukiisha arudi kitandani. Na kama wanagombana, hayo siyajui, sikuulizwa. Kuhusu kutajwa mbele ya watu, bado nasema mtu aulizwe kwanza pembeni, ingawa pale chini ya mwembe sijui angeniulizia pembeni gani.

Katibu wa AMCOS, Mtwara