Kisu cha kukunja kigumu kufungua kwa mkono mmoja

Ndugu yangu, kisu kipya kuwa kigumu ni kawaida, ila hapa Dodoma usisahau vumbi. Changu nilikuwa nabeba mfukoni nikienda kupogolea zabibu, wiki tu kikaanza kukwaruza kama kimetiwa mchanga. Kumbe kweli ulikuwemo.

Anza kwa kukiosha kwenye maungio kwa maji ya moto na sabuni, kikaushe kabisa, kisha dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani. Moja tu, yakizidi yanakamata vumbi upya. Mafuta ya alizeti usiguse, yanaganda yanakuwa gundi. Halafu kaa fungua-funga, mara mia hata mia mbili, ukiwa umebandika utepe mwembamba wa gundi kwenye makali.

Bado kigumu? Legeza skrubu ya maungio kidogo sana, kama robo ya robo mzunguko. Ubapa ukicheza kushoto kulia, umepitiliza, kaza.

Na kile kijipini cha dole gumba, kinachotokeza ubavuni mwa ubapa, watu wanakisukuma juu. Kisukume kwa nje, kama unachora nusu duara, vidole vingine vibaki ubavuni mwa mpini, si kwenye njia ya makali.