Kuyapima maoni ya wawekezaji kuhusu hisa za magari ya umeme

Wenzetu mnaojiunga sasa na kikundi chetu cha uwekezaji hapa Malindi mtawasikia wengi wakizizungumzia hisa za kampuni za magari ya umeme kwa uhakika mkubwa, na la kwanza kujifunza ni kutenganisha maswali mawili ambayo maoni hayo huyachanganya: je, gari ni zuri, na je, bei ya hisa inastahili kulipwa? Pikapu ya R1T ya kampuni ya Rivian ilisifiwa hadi jarida la MotorTrend likaitunuku tuzo ya pikapu bora ya mwaka 2022. Hisa zake zilitolewa kwa umma kwa dola 78 mwezi Novemba 2021, na katika siku chache kampuni nzima ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 100, ilhali ndiyo kwanza ilikuwa ikiwakabidhi wateja magari ya mwanzo. Kufikia Machi 2023 hisa moja ilikuwa chini ya dola 20. Aliyelisifu gari hakukosea. Aliyenunua hisa kwa sababu gari limesifiwa ndiye aliyeumia. (Pengine ndiyo maana wenzetu wa Lamu, wanaoishi katika vichochoro vya punda na hawana hamu ya gari lolote, huzipima kampuni hizi kwa utulivu kutushinda.)

Someni taarifa za fedha kabla ya maoni. Tesla ilipata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza mwaka 2020, dola milioni 721, na wachambuzi wengi wakaishia hapo. Ukiteremka mistari michache katika taarifa ileile unakuta takriban dola bilioni 1.58 zilizotokana na kuziuzia kampuni nyingine stahili za kisheria za kupunguza hewa chafu, ambazo wenye magari ya petroli huzihitaji ili wasitozwe faini. Bila fedha hizo mwaka ungefungwa kwa hasara. Wenye shaka waliushikilia mstari huo, wenye imani wakajibu kwamba mauzo ya magari yataziba pengo, na wenye imani wakashinda hoja, kwani faida ya mwaka 2022 ilifika takriban dola bilioni 12.6. Hata hivyo, ni mwaka huohuo ambapo bei ya hisa ya Tesla ilianguka kwa karibu asilimia 65. Bei ilikuwa imekwisha kulipia faida hiyo, na nyingine nyingi, kabla haijapatikana.

Ulizeni pia msemaji anafaidika na nini, ila msimkatae kwa sababu hiyo pekee. Hindenburg Research, kampuni ya kuchunguza kampuni nyingine, iliyoishutumu Nikola, kampuni ya malori ya umeme, kwa udanganyifu mwezi Septemba 2020, ilikuwa imejipanga kupata faida hisa zikishuka. Lakini ni kweli kwamba lori la Nikola lililoonyeshwa kwenye video likienda kasi lilikuwa likiteremka mlima kwa uzito wake. Nikola iliomba ulinzi wa mufilisi Februari 2025.

Mwisho, maoni mengi huandikwa kwa ajili ya mtu anayehesabu kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja iligharimu takriban shilingi 160 za Kenya, na katikati ya mwaka takriban 130, kwa hiyo aliyenunua Januari na kuuza Juni kwa bei ileile ya dola alipoteza karibu moja ya tano ya shilingi zake, kabla ya kukatwa ada ya wakala.