Ondoka, lakini ritani ya mwezi iwe imeingia

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu anayefanya kazi za kujitegemea akiona mkataba umemshinda, avumilie hadi mwisho au aondoke? Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Natunza vitabu vya hesabu vya maduka, zahanati na kampuni ndogo hapa Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba aondoke. Ila tarehe ya kuondoka aipange kwa kutazama mahali kazi inapokatika vizuri, asiipange siku ile alipokasirika.

Kazi yetu inakatika kwa tarehe, na tarehe zenyewe zinajulikana. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi inapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ni tarehe 20. Kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba hulipa kodi ya makadirio kwa awamu 4, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kisha ritani ya mwaka mzima inatakiwa kabla Juni haijaisha. Sasa mhasibu anayeaga tarehe 15 anamwachia mteja siku 5 za kutafuta mtu, kumkabidhi risiti na kumweleza mauzo yalivyokwenda, na huyo mgeni hajui hata ripoti za Z, zile za mauzo ya siku zinazotolewa na mashine ya risiti za kodi (EFD), zinawekwa wapi. Ritani ikichelewa, adhabu inahesabiwa kwa kila mwezi, na anayeilipa ni mteja. Akiaga tarehe 21, ritani imeshaingia na risiti ya malipo iko kwenye faili, mwenzake anayekuja anapata karibu mwezi mzima wa kujipanga kabla ya ritani ya VAT inayofuata. Tofauti ya siku 6 tu, na kuna biashara ndogo ambayo siku hizo ndizo zinaamua kama itauanza mwezi na deni la kodi au bila deni.

Najua vijana wengi wanaogopa kwa sababu wameweka saini. Wanaambiwa wakiondoka watashtakiwa, na wanaamini. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haimtishi mtu kiasi hicho, wala haimwachi aende atakavyo. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa kawaida yake, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua tangu siku ya kusaini. Hasara za mbali hazimo. Kifungu cha 74 kinahusu wale walioandikiana kwamba anayeondoka mapema atalipa kiasi fulani: anayedai atapewa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo ile milioni 5 iliyoandikwa kwenye karatasi ili kumtia mtu hofu ni kikomo cha juu, na chini yake kuna nafasi ya kupima hali halisi. Ukiondoka ritani zote zimeingia na umetoa notisi, hasara ya kudaiwa inakuwa ndogo sana. Ukitoroka katikati ya ukaguzi wa TRA, ni kubwa, na kwa haki kabisa.

Kabla ya yote, soma mkataba wako kama una kifungu cha kuuvunja. Mikataba mingi midogo haina. Inataja kazi, bei na saini, basi. Hapo panapokosekana maandishi, mimi nashauri notisi ya mwezi mmoja, kwa barua, kwa sababu mwezi mmoja ndio mzunguko kamili wa kodi.

Na jiulize kama kweli unajitegemea. Wako wanaoitwa hivyo kwenye karatasi, lakini wanaripoti saa 2 asubuhi, wanakaa kwenye kompyuta ya ofisi, wanaomba ruhusa kwenda msibani na hawana mteja mwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba unamwitaje. Hapo kuondoka kwake ni kujiuzulu. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na kama ajira ni ya muda maalumu, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinabana zaidi: mfanyakazi hujiuzulu katikati endapo mwajiri amevunja mkataba kwa jambo kubwa, vinginevyo wakubaliane. Lakini huyo pia ana haki ambazo hakuambiwa, na mlango wa kuzidai ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Naumia ninapoona mtu anaondoka kimyakimya akidhani hana anachodai.

Tukija kwenye kuaga kwenyewe, kwetu kazi nyingi zinapatikana kwa kuunganishwa. Shemeji, mwalimu wako wa zamani au mama mnayesali naye ndiye aliyekupeleka kwa mteja, na alikutolea neno. Huyo aambiwe kwanza. Asisikie kutoka kwa mwenye duka. Kisha nenda kwa mteja mwenyewe, ana kwa ana, ndipo barua ifuate. "Mama, nimekuja kukuambia mapema ili usipate shida. Ritani ya mwezi huu naifanya mimi. Ya mwezi ujao itabidi uwe na mtu mwingine, na nitakaa naye nimwonyeshe kila kitu." Maneno hayo yanatosha. Akiuliza sababu, mpe ya kweli kwa ufupi: malipo yanachelewa, kazi imezidi tuliyokubaliana, nimepata ajira. Ujumbe wa simu unaotumwa usiku na kufuatiwa na kuzima simu ni kumkosea heshima mtu aliyekufungulia droo ya fedha zake.

Makabidhiano nayataka yawe kwa maandishi, yamesainiwa na wote wawili. Risiti na ankara zote, taarifa za benki, ritani zilizowasilishwa pamoja na uthibitisho wa malipo, orodha ya madeni, na ukurasa mmoja unaoeleza yaliyobaki na tarehe zake. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa angalau miaka 5, na wa kuzitunza ni mwenye biashara. Halafu kuna nywila. Wahasibu wenzangu wengi wamesajili akaunti za wateja kwenye mfumo wa TRA kwa barua pepe zao na namba zao za simu, kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Siku ya kuondoka, hayo yote yabadilishwe yawe ya mteja, mkiwa mmekaa pamoja, na ahakikishe anaingia mwenyewe.

Hapa nasema kwa ukali: usishikilie nywila wala mafaili ya mtu kwa sababu anakudai au unamdai. Deni lako lina njia yake: barua ya madai, mazungumzo, na ikibidi mahakama. Ukimfungia mtu akaunti yake ya kodi, adhabu zinaendelea kuhesabiwa juu ya biashara inayolisha familia yake na wafanyakazi wake. Kwa upande wako, kama ulipokea malipo ya awali ya miezi ambayo hutaifanyia kazi, yarudishe kabla hujaombwa. Na kama mteja alikuwa akikata kwenye ada yako kodi ya zuio ya asilimia 5, ile anayoipeleka TRA kwa niaba yako, chukua vyeti vyake vyote kabla ya kuagana. Mwaka ukiisha utavihitaji kwenye ritani yako mwenyewe, na kuvifuatilia kwa mtu mliyeachana naye ni kazi ngumu.

Kuna kuondoka kusikosubiri tarehe 20. Mteja akikuambia upunguze mauzo kwenye ritani, au uingize risiti za manunuzi ambayo hayakufanyika ili VAT ishuke, mweleze kwa nini haiwezekani. Akishikilia, ondoka siku hiyohiyo na usiwasilishe chochote. Maadili ya taaluma yetu chini ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, yanakataza mhasibu kujihusisha na taarifa anazojua ni za uongo, na hakuna notisi ya mwezi inayokulazimisha kufanya udanganyifu wa mwisho. Mafaili mrudishie yote hata hivyo. Andika barua fupi, weka nakala yako.

Mhasibu atakayekuja atakupigia kuuliza kama kuna jambo analopaswa kulijua kabla hajapokea kazi. Siri za mteja bado ni siri, kwa hiyo mwambie kwanza apate ruhusa ya mteja. Ruhusa ikitolewa, mjibu kwa ukweli wote. Ikikataliwa, mwambie imekataliwa, naye ataamua mwenyewe.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam